Pikapu Niliyoitoboa

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Goti lako linasemaje msimu huu wa mvua? Bado mnalala nyumbani, au mmeanza tena kukimbilia bondeni milio ya risasi ikisikika? Na maharagi, yameota vizuri ao yameoza? Sisi huku ni wazima. Mke wangu anakusalimia, na watoto wanakula kama nzige, ila bugali wanaikataa kwa zamu.

Ninaandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu mtandao hukatika kila tunapofika kwenye jambo lenyewe, na wewe huishia kuitikia "ndiyo, ndiyo" kwa kitu ambacho hukukisikia. Barua hii ataibeba mke wa pasta wetu mpaka Goma, na najua dada Riziki ndiye atakayekusomea. Riziki, soma polepole.

Jambo lenyewe ni ile pikapu. Nilipoinunua nilikuahidi kwamba siku moja nitaipakia kwenye meli ije Masisi, nami niifuate, tubebe maharagi yetu wenyewe mpaka sokoni Sake bila kumbembeleza dereva wa mtu. Kaka Safari ameshalitangazia kanisa zima. Sasa pikapu hiyo nimeitoboa katikati, na afadhali ulisikie kwangu.

Unajua nafanya kazi kwa mzee mmoja mfugaji hapa Iowa, tunamwita Papa Walt. Mgongo wake umechoka, akasema hawezi tena kusafirisha majani makavu ya ng'ombe. Nikitaka, kazi hiyo ni yangu, kwake na kwa majirani zake, ilimradi nitumie gari langu. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye shughuli yake, Mama, siyo kibarua. Akanipa kwanza tela ndogo, hii tunayoiita remorque, inayofungwa nyuma kabisa chini ya bampa, nijaribu.

Nikapakia kama tunavyopakia kwetu. Unayajua malori ya siku ya soko: magunia yanarundikwa nyuma mpaka yananing'inia nje, kwa sababu mbele ni nafasi ya akina mama na watoto wao. Mikono yangu ilifanya hivyo yenyewe. Marobota yote ya majani nyuma, mbele peupe, kana kwamba kuna mama angepanda njiani na kuku wake. Nilipofika barabara kuu na kuongeza mwendo, tela ikaanza kuchapa mkia kushoto na kulia, nyuma ya gari ikanyanyuka, usukani ukaanza kucheza mkononi. Niliogopa, sikufichi. Niliondoa mguu kwenye mafuta, sikukanyaga breki, na baada ya muda gari likatulia kando ya njia.

Papa Walt, aliyekuwa akinifuata, alishuka akautazama mzigo, akaniuliza huko mbele nimemwachia nani nafasi. Nikamweleza. Alicheka mpaka akaegemea tairi. Kisha akasema kwamba hata nikipanga vizuri, majani ya msimu mzima ni mazito mno kwa bampa, na kwamba ninachohitaji ni shingo ya bata.

Shingo ya bata ni tela kubwa yenye mkono wa chuma. Mkono huo unapita juu ya mlango wa nyuma wa pikapu, unateremka katikati ya karoseri, pale tunapoweka magunia, na kukaa juu ya kichwa cha chuma cha mviringo. Uzito unalalia ekseli ya nyuma, gari halichezi. Ila lazima utoboe sakafu ya karoseri na kufunga vyuma chini kwenye shasi. Gari lenye tundu lingeweza kuja Masisi pia, tusidanganyane. Lakini mtu hatoboi gari lake kwa kazi ya msimu mmoja, na hilo nililijua tangu nilipoingia dukani.

Dukani kuna seti za vyuma hivyo za aina nyingi. Kuna zinazofungwa juu ya sakafu, ni rahisi, lakini vyuma vinabaki vimesimama. Mimi nilichukua ile ya kufungwa chini, ambayo ukimaliza kazi unakichomoa kichwa, unakipindua, na sakafu inabaki sawa. Muuzaji aliniuliza kwa nini nang'ang'ania sakafu iwe sawa. Sikumwambia kwamba kwetu pikapu hubeba pia mgonjwa. Baba alilala kwenye karoseri kama hiyo tulipompeleka hospitali, wewe ukimshikilia kichwa. Huku kuna ambulansi, najua, lakini moyo wangu haukubali pikapu isiyoweza kulaza mtu.

Aliyenisaidia kufunga ni Papa Kizito, mtu wa Walikale. Zamani alichimba madini ya kasiterite kwenye mlima wa Bisie, kabla ya mashine kuja, na sasa ni fundi wa kuchomelea hapa mjini. Tulishusha tairi la akiba, tukatambaa chini ya gari kuhakikisha bomba la mafuta na la breki hayako njiani mwa keekee. Tukapima kutoka kila upande, tukapima tena kwa sababu Papa Kizito hamwamini mtu, tukaweka alama mbele kidogo ya ekseli. Nilipoinua keekee, akanishika mkono.

"Bahati, ukitoboa hapa, njo umebakia huku."

Nikamwambia ni tundu tu.

"Miye nilitoboa mulima muzima kule Bisie, nikisema mwezi wenye kuja narudia kwetu. Ambia mama yako ukweli. Mama iko anangojea muntu, hapana gari."

Nikatoboa. Unga wa chuma uliniangukia viatuni, machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi, na Papa Kizito akajifanya anatafuta spana. Tulipaka rangi ukingo wa tundu usishike kutu, tukakaza bolti, tukafunga ndoano za minyororo ya usalama na kuunganisha nyaya za taa. Kesho yake nilivuta tela kubwa ya Papa Walt imejaa, mzigo umepangwa inavyotakiwa, na gari lilitembea kimya. Nilifurahi, na furaha hiyo nayo iliniuma.

Basi ukweli ni huu, Mama. Gari halitakuja. Mimi nitakuja kukuona njia zikitulia, lakini nitakuja kama mgeni, sitakuja kukaa. Watoto wangu wameota huku. Nilikuwa naogopa kukuumiza, nikakuacha uendelee kungoja, na kungoja huko nako kunakuumiza.

Nisalimie kaka Safari, mkubwa wetu, umwambie hasira zake nitazisikiliza kwenye simu, mtandao ukikubali. Nisalimie shangazi Venansia anayeongoza kwaya, na mjomba Muhindo, ambaye najua bado anadai mbuzi wake hawali mihogo ya watu.

Limebaki neno moja. Kile kiwanja cha juu, karibu na mikaratusi, unakipalilia kila msimu na unamkatalia kila mtu kujenga, unasema ni cha Bahati. Usinitunzie tena. Mpe Riziki. Tangu afiwe na mume na kurudi kutoka Mpofi na watoto wake, analala jikoni kwako, na ndiye anayekulimia. Najua kwetu binti hapewi kiwanja cha baba. Wakikuuliza, sema mwenyewe amekitoa, na akili zake ni nzima.

Mimi mwanao anayekupenda,
Bahati

Riziki, najua hapo juu umenyamaza. Rudi uyasome maneno hayo ya kiwanja kwa sauti, kaka Safari akiwa amekaa hapo.