Sanduku la mota na maji ya baraka

Jum, nimekwama ndani ya lifti. Mimi, fundi wake. Usicheke.

Na niko na mtawa. Luang Pho Sanit, yule mzee wa hekaluni, alikuja kuibariki lifti mpya. Mwanamke hagusi mtawa, kwa hiyo nimejibana kwenye kona nisimguse hata kwa nguo, na lifti yenyewe ni kama kabati.

Unajua kosa la nani? Langu. Bosi Prasoet aliniambia, "Lifungue lile sanduku linaloendesha mota, baraka ziingie ndani." Ndani, Jum. Nikalifungua. Mzee akachovya kifagio chake kwenye maji ya baraka akanyunyiza bila uchoyo, kisha tukapanda.

Sasa bosi kanitumia picha ya kioo cha sanduku, kimeandika hitilafu ya sensa. Mle mna sensa tatu zinazopima umeme wa mota, na vipimo vyake ukivijumlisha lazima upate sifuri. Moja imelowa, inadanganya. Sifuri haikupatikana, mota ikajizima. Kinga hiyo niliiweka mwenyewe.

Mzee kaniuliza taratibu, "Binti, tatizo nini?"

Nimwambie ni maji yake? Nikasema, "Sensa, Baba."

"Nayo niliinyunyizia?"

"Sana, Baba."

Tangu hapo tunaangalia mlango.

Anayejua kuishusha hii lifti kwa mkono ni mimi peke yangu. Nimempigia bosi nimwelekeze, hata hakunisikiliza.

"Tulia, mwanangu. Nimeshaleta mtawa mwingine, yuko hapa kwenye sanduku. Huyu amekuja na ndoo."