Harufu ya Mashine ya Kufulia

Musoma, Jumatano jioni

Harufu imekwisha! Wiki mbili mashuka ya wodi ya wazazi yalikuwa yakitoka kwenye mashine yakinuka uvundo, hata wazazi wakawa wanatandika khanga zao wenyewe. Nilizidisha sabuni, haikusaidia. Nikaogopa nitaondolewa kazini.

Aliyegundua chanzo ni Mama Nyangeta, mfuaji mpya kutoka Bunda, ambaye kabla ya mwezi huu alikuwa hajawahi kuona mashine ya kufulia. Leo asubuhi alipiga magoti, akafunua ule mpira unaozunguka mlango wa mashine na kuingiza vidole kwenye mkunjo wake. Akatoa utelezi mweusi, nywele na kipande cha bendeji.

"Mlango unaufungaga ukimaliza kufua?"

"Kila jioni, vumbi lisiingie."

"Dada, hata kibuyu cha maziwa ukikiziba kina majimaji kinanuka. Uache wazi, ukauke."

Tukasugua mpira kwa magadi, tukaizungusha mashine tupu kwa maji ya moto, tukaiacha wazi hadi mchana. Shuka la kwanza lilitoka halinuki kitu.

Muuguzi mkuu alilinusa, akanisifu mimi mbele ya wote. Nikasema asante. Mama Nyangeta aliendelea kukunja mashuka, wala hakuniangalia. Aibu ikanishika.

"Harufu niliileta mimi," nikasema. "Aliyeiondoa ni huyu mama."

Muuguzi mkuu akamwomba atufundishe wote. Mama Nyangeta akacheka: "Nifundishe nini, nami hata kuiwasha sijui?"

Kesho asubuhi nitamwonyesha kuiwasha.