Sasa Mama Ana Rimoti

Baba,

Sikuulizi huko kukoje. Huko utajijulia mwenyewe. Nakuandikia kukuambia kwamba ile gari yako ya spoti, ile nyekundu ya milango miwili uliyokuwa unaipangusa kila asubuhi kuliko ulivyowahi kutupangusa sisi kamasi, sasa inafunguliwa kwa rimoti, na rimoti iko na Mama. Rudia kusoma hapo ukitaka. Iko na Mama.

Najua umekunja uso. Si ulikuwa unasema rimoti ni ya watu wavivu, gari ya mwanamume hufunguliwa kwa mkono. Sawa. Lakini wacha nikueleze tulivyofika hapa, maana aliyetufikisha ni Kibet, kifungua mimba wako, yule mwenye akili nyingi.

Siku ya kukuzika kule Keringet, kabla jeneza halijafungwa, Kibet alisimama mbele ya watu amevaa miwani ya jua, licha ya mawingu yale yote, akatoa ufunguo wa gari mfukoni akauinua juu kama mtu anayebariki sadaka. Akasema, "Mzee, endesha polepole." Akauweka kwenye mfuko wa koti lako. Watu wakaangua kilio. Shangazi akaanguka magoti. Pasta mwenyewe akasema amina. Mimi nilikuwa nimemshika Mama mkono, nikamwona anafungua mdomo, halafu anaufunga. Baadaye aliniambia alidhani Kibet amechonga mwingine kwanza. Mtu yeyote mwenye akili angechonga mwingine kwanza.

Hakuwa amechonga. Tulirudi nyumbani Section 58 tukapata gari imefungwa hapo mbele ya nyumba, vile uliiacha siku ya kupelekwa hospitali, na Kibet akaanza kuizunguka, anavuta mlango huu, anavuta ule, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mjomba akamnong'oneza ati labda turudi Keringet tufukue kidogo. Kidogo. Nilitoka nje nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na mpaka leo sijui nilikuwa nacheka ama nalia.

Lakini simwekei Kibet lawama zote. Gari umekaa nayo miaka hiyo yote, kwa nini ilikuwa na ufunguo mmoja? Wewe unajua. Ufunguo wa pili ungekuwa wa Mama. Wamama wa kanisa walikusifu sana, ati ona vile Baba Kibet humfungulia mke wake mlango wa gari, waume wengine mje mjifunze. Upuuzi mtupu. Ulimfungulia kwa sababu hukutaka aushike huo ufunguo. Nimemwona kwa macho yangu, mifuko ya sukuma na viazi mikononi, mvua inamnyea, amesimama kando ya mlango uliofungwa akikungoja umalize stori za injini na wanaume wa duka la spea. Na huyo ni mwanamke aliyekuwa akiendesha pikapu ya viazi kutoka Keringet hadi Molo kwenye matope kabla hujamjua. Wewe ukamwambia klachi ya hii gari haitaki mguu mzito. Na yeye akanyamaza, vile alivyonyamaza mbele ya jeneza.

Haya. Matanga hayajapoa vizuri, Kibet akaja na neno jipya: gari iuzwe. Ati inakaa tu. Ati hata ufunguo mwingine ukichongwa Mama hawezi kuifungua, vidole vyake vimekauka, vinauma kila baridi ikiingia, atazungushaje ufunguo kwenye kufuli ngumu kama ile? Kwa vidole alisema kweli, hapo siwezi kumpinga. Ndipo nikasema basi tuiwekee rimoti. Kibet akacheka. Kesho yake akaniletea kijana wa kando ya barabara mwenye alamu za boksi, zile za kukata nyaya na kubandika kitaa kinachowakawaka, zinazolia hadi paka akipita. Nilimwambia Kibet amrudishe alikomtoa, na kama anataka kelele mwenyewe anatosha.

Nikaenda kwa Karanja, yule fundi wa umeme wa magari uliyekuwa unamwita mwizi wa nyaya. Alifungua mlango kwa waya na kabari bila kukwaruza rangi, akalala chali chini ya dashibodi, akaniita nione. Kulikuwa na plagi hapo, imefungwa tepu, haijaunganishwa na kitu. Akanieleza kwamba gari kama yako zilitoka kiwandani za aina mbili. Ile ya bei ya juu iliwekewa kisanduku cha kupokea rimoti. Ya bei ya chini haikuwekewa, lakini nyaya zake zote ziliachwa humo ndani, tayari. Sasa wewe, uliyekuwa unatuambia unaijua hiyo gari mpaka mifupa, hukujua hilo. Na kumbe ulinunua ile ya bei ya chini, na huku ukitutambia ati hakuna nyingine kama yako Nakuru nzima. Nilisikia raha mbaya, Baba. Halafu nikasikia vibaya kwamba hupo nikuchokoze.

Karanja alijua mahali kulikuwa na gari pacha ya hiyo yako, ile ya bei ya juu, iliyogongwa ikiteremka mteremko wa escarpment, iko kwenye yadi moja Mai Mahiu nyuma ya vibanda vya chai vya madereva wa malori. Mbele yake haikuwa na uso, lakini milango ilikuwa mizima. Mwenye yadi akaniambia, "Madam, hii ni orijino, si hizi za kubandika." Tukatoa kisanduku, tukatoa makufuli ya milango na ya kuwashia, na funguo zake mbili, kila mmoja na rimoti yake kwenye kichwa kipana cha plastiki ambacho hata kidole kinachouma kinaweza kushika.

Kisanduku kiliingia kwenye ile plagi kama mguu kwenye kiatu chake. Karanja akabadilisha na makufuli yote, ikabaki gari kufundishwa rimoti zake. Karanja alimkalisha Mama kwenye kiti chako, naam, chako, akamwambia aingize ufunguo na kuutoa, tena na tena, afungue mlango, afunge, abonyeze. Kibet alikuwa amesimama hapo mikono kifuani akisema hii ni uchawi wa jua kali. Mama akabonyeza. Gari ikakaa kimya kidogo, halafu milango yote miwili ikajifunga na kujifungua, kra kra, yenyewe. Alibonyeza tena, akasikiliza. Akabonyeza tena. Tulimwacha hapo mpaka chai ikapoa.

Kwa hivyo huo ulio nao mfukoni haufungui tena chochote. Usijisumbue nao.

Kibet naye ni sikio la kufa. Jumamosi iliyopita alileta mnunuzi bila kumwambia mtu, jamaa wa viatu vilivyochongoka, anaita kila mtu boss. Mama alikuwa mlangoni anatoa minji kwenye maganda. Jamaa akasifu rangi, akainama, akanyoosha mkono kushika mlango. Kra. Umejifunga. Kibet akacheka, "Hizi gari za zamani hushtuka." Taa zikawaka na kuzima, kra, umefunguka. Jamaa akanyoosha tena. Kra. Kibet akanitazama mimi. Mimi nikatazama mawingu. Mama ameinamisha kichwa, mkono mmoja kwenye minji, mwingine kwenye mfuko wa aproni.

Kisha akainuka, akakung'uta maganda, akapita katikati yao akaingia kwenye gari. Akairudisha nyuma hadi nje ya geti bila kuomba mtu amwelekeze, na huo mguu mzito haukutikisa klachi hata kidogo. Akashusha kioo akasema, "Kibet, mpe mgeni chai. Mimi nimeenda sokoni." Mnunuzi alikunywa chai. Hajarudi.

Baba, nina hasira na wewe, na nimekukosa vibaya, na hivyo viwili vinalala kitanda kimoja kila siku. Nikisikia hiyo injini ikiingia getini moyo wangu bado huruka, nadhani ni wewe. Halafu anashuka yeye, na naona mgongo wake umenyooka, na sijui nimlilie nani.

Pumzika sasa. Krismasi tutakuja Keringet, yeye ndiye ataendesha, na nakuahidi sitashuka naye. Nitakaa ndani ya gari nipandishe vioo, nimwache asimame hapo kaburini peke yake akuambie yote aliyonyamazia. Utamsikiliza mpaka amalize. Huna pa kwenda.

Binti yako,
Chebet