Mkono wa Nafula na Ada ya Michezo

Alhamisi.

Na mhariri wangu gazetini bado anataka kichwa cha habari chenye moto: wanafunzi wakataa ada ya michezo. Hawakuikataa. Nilikuwepo.

Chuo kinamtoza kila mwanafunzi ada hiyo, akimbie asikimbie. Ndiyo inayomsomesha Jelagat, mkimbiaji wao bora. Ikifutwa, anarudi kijijini kwao, Ziwa, kukamua ng'ombe. Aliyeongoza kampeni ya kuifuta ni Nafula, anayeishi naye chumba kimoja hosteli.

Nafula alihutubia ukumbi vizuri mno. "Mimi hata mvua ikinyesha natembea! Nalipia mbio za nani?"

"Zangu," Jelagat akajibu kutoka nyuma. "Na maziwa ya chai yako yanatoka kwetu."

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti akaomba wanaotaka ada ifutwe wainue mikono. Nafula akainua wake, akageuka, akamwona rafiki yake amekaa na viatu vya mbio mapajani. Mkono ukashuka.

"Nilikuwa najikuna," akasema.

Wengine nao wakashusha yao. Ada ikabaki.

Mkuu wa chuo bado hajanieleza inakoishia ile sehemu ya ada isiyowafikia wanariadha, na hilo linaniudhi. Nitamrudia Jumatatu, na asiponijibu...

Lakini kwa Jelagat nilifurahi, nikiri tu.

Nje ya ukumbi alimshika Nafula bega. "Kesho alfajiri twende wote mazoezini Kaptagat, ukakimbie mbio ulizolipia."

Nafula akaniuliza mimi kama kule kuna mahali pa kuketi.