Simfahamu Mtu Huyu

Dukani, kwenye cherehani,
Jumanne, tarehe 14

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Goti linaendeleaje? Na shemeji, bado anaongeza chumvi ukigeuka? Sisi ni wazima wa mwili. Wifi yako anakusalimu, ingawa mimi hanisemeshi tangu Jumapili.

Nina kanzu tisa za kwaya za kumaliza na kila pindo nalifumua mara mbili. Nina hasira, Dada, na ubaya wenyewe ninayemkasirikia ni mimi.

Unamkumbuka fundi vioo, mwenzangu wa ulevi, uliyeniokota naye mtaroni siku ile tuliyomzika baba? Jumapili alikuja mbele yetu wazee wa kanisa, suruali imepigwa pasi, kuomba aandikwe darasa la ubatizo. Wengine wakaguna kwamba mlevi huyo kesho atarudi kilabuni. Katibu akamwuliza nani hapa anamjua. Yeye akaninyooshea mkono huku anatabasamu, akasema sisi ni marafiki wa siku nyingi.

Wote wakanigeukia. Unajua kila mwaka nasimama kutoa ushuhuda, nasema nilikuwa mwenye dhambi, watu wanaitikia amina. Lakini dhambi zangu za ushuhuda nimezifua na kuzinyoosha, hazina harufu. Yeye alikuwa ameleta zenyewe.

Nikasema, "Simfahamu mtu huyu."

Akanitazama kidogo. Kisha akawaambia wazee, "Basi nimemfananisha. Mnisamehe." Akachukua kofia yake akatoka.

Alinisitiri, Dada. Asiyebatizwa kamsitiri mzee wa kanisa. Wifi yako nilipomsimulia alisema nyani haoni kundule, akaingia jikoni.

Jana nilimfuata kwenye banda lake. Alikuwa anapima kioo cha dirisha. Nikaomba radhi, akasema hana kinyongo, ila kanisani harudi. Nikabembeleza mpaka nikamchosha. Akaweka kikatio chini.

"Wewe una miaka kumi na mbili ndani ya kanisa na bado unaona aibu. Mimi nitafika lini?"

Nimerudi na swali hilo hadi hapa kwenye cherehani.

Jumamosi ijayo baraza linakaa tena na nitasema kweli, wakinivua uzee wanivue. Nawe nisaidie. Niandikie nilivyokuwa, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Andika matapishi, matusi niliyomtukana mama, na jinsi ulivyokuwa ukiniombea ukidhani nimelala. Nimejisimulia vizuri mno hadi nimesahau nilitolewa wapi. Barua yako nitaisoma mbele yao, na kabla ya hapo nitaisomea bandani kwake.

Nisalimie shemeji, wapwa zangu wote, na shangazi, mwambie miwani yake nimeipata.

Mungu akulinde. Mimi alishanilinda, nikajifanya nilijilinda mwenyewe.

Ni mdogo wako akupendaye,
Fundi