Seli Zilizonyamaza

Ghorofa ya pili, juu ya duka la fundi viatu
Jumanne, tarehe 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani? Goti la kushoto linasemaje, bado linatabiri mvua? Sisi huku tu wazima, ila kaka yako, yaani Baba, ana mafua na anataka dunia nzima ijue.

Nilitaka nianze na porojo kama kawaida yangu, lakini kuna jambo haliwezi kungoja. Baba anasema mlipoongea Jumapili ulimwambia umevifungia kabatini vidonge vya daktari, na sasa unakunywa ule mzizi wa manjano peke yake, vikombe vitatu kwa siku. Eti kwa sababu "mtoto wetu wa maabara ameupima". Mtoto mwenyewe ndiye mimi, na nilikosea.

Najua huambiwi "acha" ukaacha bila sababu, kwa hiyo nakueleza tangu mwanzo.

Uliponitumia kifurushi kutoka kwa yule muuza dawa za asili za Asia, nilitaka tu kujua mzizi unafanya nini mwilini. Unanijua, ndimi niliyeifungua redio yako kumtafuta anayesema ndani. Mkuu wetu aliniruhusu, nikauchemsha kwa mtindo wako: mpaka maji yawe meusi, kisha tena, mpaka yawe mazito kama asali. Maabara nzima ikanuka. Mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza, "We dada, leo tunapima au tunapika?"

Huwa tunafuga seli za kinga, wale askari wa mwili, katika sahani zenye vishimo vidogo. Ukizichokoza kwa mabaki ya vijidudu, hutoa kemikali za kuwaita wenzao, na vurugu hiyo ndiyo inayoleta uvimbe na joto kama la goti lako. Nikatia mzizi, nikazichokoza. Kimya. Hazikutoa chochote. Furaha niliyokuwa nayo! Siku hiyohiyo nikakuandikia kwamba mzizi wako ni kiboko.

Wiki iliyopita mkuu alizipitia karatasi zangu, akaniuliza swali moja tu: "Ulihakikisha zilikuwa hai?"

Shangazi, sikuhakikisha. Ni jambo la kwanza tunalofundishwa, nami nililiruka kwa haraka ya kukupa habari njema. Nikarudia yote, safari hii nikadondosha rangi ya buluu. Seli hai huikataa rangi ile, iliyokufa huinywa. Nilipoinamia darubini niliona buluu tupu. Hazikuwa zimetulia, nilikuwa nimeziua. Masikio yaliniwaka moto kwa aibu.

Sasa sikia ajabu yake. Nilipouzimua mzizi sana, tone moja katika maji mengi, seli zilibaki hai, na nilipozichokoza zikatoa nusu tu ya zile kemikali. Nimerudia mara tatu, jibu ni lilelile. Kumbe kuna kitu humo! Ni kitu gani? Kikipita tumboni kinafika gotini, au kinaishia njiani? Sijui bado, na maswali hayo naamka nayo kila asubuhi. Ila wewe si sahani ya maabara, na sitaki nijifunzie kwako.

Nakusihi, Shangazi, uache mzizi leo hii. Nenda kwa daktari wako, mwambie yote, hata idadi ya vikombe, akupime damu na akuambie vidonge uvirudie vipi. Mwonyeshe barua hii. Aibu ni yangu.

Nisalimie binamu yangu mshona nguo, na Bibi mwambie miwani yake mipya iko tayari. Mungu akupe afya, na hilo goti akulainishie.

Tangu jana simu yako inaita tu, haipokelewi. Ndiyo maana barua hii anakuletea jirani yetu dereva wa lori, naye atangoja jibu hapohapo mlangoni. Andika lolote, hata unitukane. Zile seli ziliponyamaza nilishangilia. Wewe ukininyamazia, Shangazi, nitakufa kwa hofu.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Bi Maswali wako