Vitoto Vilivyozunguka Ndani ya Yai

Chebet mjukuu wangu, chamgei!

Hapa Sigowet tuko salama. Ng'ombe wa mamako amezaa ndama jike. Unauliza kama niliwahi kubishiwa jambo nililoliona kwa macho yangu, kwa sababu huko chuoni wanakubishia habari za konokono unaowachunguza.

Nilichekwa, Chebet! Nikiwa darasa la sita nilitoa mayai ya konokono kwenye hori la maji ya ng'ombe, nikayatazama kwa miwani ambayo babu yangu alisomea Biblia. Ndani ya kila yai kitoto kilikuwa kinazunguka. Mwalimu akasema ni maji tu yanatikisika. Kesho yake nikamwekea mezani gilasi ya maji yenye mayai hayo, nikampa miwani, nikarudi nyuma. Maji yakatulia kabisa. Vitoto vikaendelea kuzunguka. Mwalimu akanipa chaki: "Fundisha wewe."

Sikujua kinachovizungusha. Sasa umeniandikia kwamba ni kemikali iitwayo serotonini, inayotoka kwenye neva zao changa, na kwamba hata kichwani mwangu imo. Nimelitamka jina hilo kwa sauti nikikamua, mpaka ng'ombe akageuka kunitazama.

Wawekee gilasi mezani, mama. Halafu urudi nyuma.

Nyanya yako, Kogo